Baba Mwenye Mbeleko

Bwana asifiwe! Na ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango, kwenu pia asifiwe. Kamwene, ndugu zangu.

Mimi ni bibi wa kijiji cha Kichiwa, mkulima wa viazi na mahindi. Shule yangu iliishia darasa la nne na sijui kupamba maneno. Nimeombwa niandike haya kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo siku niliposimama kanisani Makambako. Basi naandika kama nilivyosema. Asiyependa akunje karatasi aendelee na kazi zake.

Nilibatizwa nikiwa mchanga. Nimeimba kwaya mpaka sauti ikaisha. Yesu nilimpenda, sikatai. Lakini Mungu Baba nilimwogopa. Sisemi kumcha, nasema kumwogopa, kama mtu anavyoogopa radi akiwa shambani na jembe begani.

Baba yangu mzazi hakuwa mtu mbaya. Alilima, alitulisha, ulanzi alikunywa kwa kiasi. Lakini siku zile kwetu baba hakushika mtoto. Alipokohoa njiani tuliacha kucheza, kila mmoja akatafuta ufagio wa kushika. Sikumbuki hata siku moja mkono wake ukitua kichwani pangu. Basi nilipofundishwa kusema Baba yetu uliye mbinguni, mimi nilikisikia kile kikohozi njiani. Niliomba nimeinamisha uso, haraka haraka, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mtendaji. Nikimaliza, naondoka. Ya moyoni sikumwambia. Nilizeeka hivyo, ndugu zangu, na hakuna aliyejua, maana kwa nje nilionekana mama wa kanisa.

Binti yangu Upendo aliolewa Makambako na kijana wa Kikinga, Erasto, mpasua mbao. Jitu kubwa, likisimama mlangoni nyumba inaingia giza. Na mnajua mambo ya ukwe. Mama mkwe na mkwe wake hawakai benchi moja, hawatazamani usoni. Akija kutusalimu alisimama kule kwenye ghala, mimi huku jikoni, salamu zikapita juu ya kuku. Hiyo ni heshima, nami mpaka leo siidharau.

Mimba ya Upendo ilikuwa haijatimia presha ilipopanda. Wakamkimbiza hospitali ya Ikonda, kule Makete, akapasuliwa. Akatoka mtoto wa kike, mdogo kama kifaranga aliyenyeshewa, mishipa unaiona chini ya ngozi. Mama yake alilala hajitambui. Mtoto akawekwa kwenye mashine, na baadaye muuguzi akaniambia kwamba sasa anataka kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, asitolewe, maana joto la mtu ndilo linalomkumbusha kupumua. Ilikuwa Juni, na baridi ya Makete haina adabu.

Nikaanza kufungua vifungo vya blauzi. Nimelea watoto, nimelea wajukuu, kifua ninacho. Hapo hapo kikohozi kikanishika, kile cha moshi na baridi nilichotoka nacho nyumbani. Muuguzi akanipa barakoa, akanirudisha nyuma. Akasema mtoto huyu akiambukizwa mafua tu, basi. Akauliza baba yake yuko wapi.

Baba yake alikuwa nje barazani, anatetemeka. Hakuingia kwa sababu mimi nilikuwa ndani.

Akaitwa. Akaambiwa avue shati. Akanitazama viatu, mimi nikatazama dirisha. Muuguzi akamlaza mtoto kifuani pake, akanigeukia mimi nifunge haraka na barakoa yangu, kwani mikono yake ilikuwa imemshika mtoto na mbeleko ilikuwa yangu, kitenge nilichokibeba kwa ajili ya mgongo wa Upendo. Nikamwambia haiwezekani, huyu ni mkwe wangu, niitieni mwanamke mwingine. Yule binti alikuwa mdogo kwa umri, lakini alinijibu bila kupepesa.

"Bibi, mtoto huyu hana muda wa kusubiri ukwe wenu."

Nikafunga. Lakini nilifunga nimegeuza uso ukutani, mikono inapapasa kama kipofu. Nikaona nimeshinda, mtoto nimemfunga na heshima nimeitunza. Erasto alipogeuka aende kukaa, fundo likalegea, mtoto akateleza mpaka tumboni. Alimdaka. Lakini baridi ilikuwa imeshampiga, midomo ikageuka rangi ya zambarau, na kifua chake kikatulia.

Muuguzi akamchua mgongo, akamgusagusa nyayo. Kwangu dunia ilisimama. Halafu mtoto akalia, kilio chembamba kama cha paka.

"Bibi, unafunga mtoto au unafunga kuni?"

Nikashika tena ncha za kitenge, uso bado ukutani. Erasto ndiye aliyesema.

"Mama, nitazame tu ufunge vizuri. Mimi nitafumba macho."

Akafumba. Nami nikageuka. Nikamtazama mkwe wangu kwa mara ya kwanza tangu alete posa. Kifua chenye makovu ya vibanzi, harufu ya mbao mbichi, na juu yake kichwa cha mtoto sawa na chungwa. Nikapitisha kitenge chini ya kwapa, nikakivuta, nikapiga fundo la kweli, lile nililofundishwa na mama yangu. Mtoto akatulia. Baada ya kitambo midomo ikarudi rangi yake.

Ndugu zangu, jitu lile lilikaa kwenye kiti na mtoto siku baada ya siku. Wanawake wa wodi walimcheka. Mmoja wa Uwemba, mwenye mapacha, alisema hajawahi kuona jogoo anatamia. Mwingine akamuuliza, "Baba, na kunyonyesha unaanza lini?"

"Nasubiri zamu yangu," akasema, wala hakuinuka.

Mimi nilikaa mbali na barakoa yangu. Lakini masikio yangu ni mazima. Nilimsikia akimnong'oneza mtoto maneno yale yale, kila alipojinyonganyonga.

"Kaa hapa. Siendi popote. Kaa hapa."

Asubuhi moja akapita mwinjilisti wa pale, akatusomea pale panaposema kwamba Mwana wa pekee yumo kifuani mwa Baba. Neno hilo nimelisikia tangu utoto. Lakini nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba Baba ana kifua! Nilijua ana mkono wa kuadhibu. Nilijua ana kiti cha enzi. Kifua cha kulalia mtoto, hapana. Nikainua macho, nikamwona Erasto na kitenge changu, mwanamume kamili, ndevu zake, mabega yake ya msumeno, anafanya kazi ya mama na hajapungukiwa kitu.

Hapo lile fundo la moyoni mwangu likafunguka. Mimi si mtu wa kulia. Wiki ile ile niliyomzika mume wangu nilikwenda kulima. Lakini siku ile nililia mpaka barakoa ikalowa. Niliona kwamba Mungu nimemfanyia ukwe maisha yangu yote. Nimemgeuzia uso nikiita heshima, na kila nilichojaribu kufunga naye kikateleza. Nikasema, Baba. Nikasema tena, Baba, mwanangu Upendo anakufa, naogopa. Ndugu zangu, sikusikia kikohozi. Nilisikia joto.

Upendo alifumbua macho siku zilizofuata. Wakamleta kwa kiti cha magurudumu, akamwona mume wake na ile mbeleko, akauliza nani kamfunga hivyo.

"Mama," Erasto akasema.

"Mama yangu mimi?"

"Kwani hapa nina mama mwingine?"

Akacheka, akashika kidonda chake, akacheka tena. Mtoto tukamwita Tumsifu. Leo anakimbiza kuku uani kwangu na kuangua maparachichi mabichi, nami namfokea kama ninavyofokea wengine wote.

Niliporudi kijijini walinisema. Wengine kwa ajili ya ukwe. Hao niliwaambia waje wamshike mtoto kwanza, halafu tuongee mila. Jirani yangu mmoja, mama wa kanisa kama mimi, akaja na lingine. Akaniambia, "Dada, Mungu ni Baba. Wewe sasa unataka kumvalisha kitenge?"

Nikamjibu, na ninawajibu na ninyi. Sisemi Mungu ni mwanamke. Wala si mwanamume kama marehemu mume wangu au baba yangu. Mungu ni Roho. Bwana wetu ametufundisha kumwita Baba, nami namwita Baba. Lakini ni yeye huyo aliyesema kwa kinywa cha Isaya kwamba mama anaweza kumsahau mtoto anyonyaye, yeye hatatusahau. Aliahidi kututuliza kama mama anavyomtuliza mwanawe. Na Yesu, mwanamume, alijifananisha na kuku anayekusanya vifaranga chini ya mbawa, wala hakuona haya. Mwanzoni aliumba mume na mke kwa mfano wake. Basi ukali wa baba ulio mwema umetoka kwake, na upole wa mama umetoka kwake. Sisi ndio tuliogawana kama urithi, baba achukue fimbo, mama achukue mbeleko. Yeye vyote ni vyake.

Jirani akaaga akaenda zake. Hakukubali siku ile. Lakini Jumapili iliyofuata nilimwona wakati wa sala ameinua uso.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya Tumsifu na mama yake, na kwa mkwe wangu, ambaye siku hizi tunasalimiana naye kwa mkono. Na wewe unayesoma, labda baba yako alikupiga, labda alikukimbia, labda alikohoa tu njiani, na kwa ajili hiyo hujawahi kumwambia Mungu la moyoni. Acha kutazama ukutani. Mgeukie. Mtazame. Mwambie hilo hilo unaloogopa kusema, kwa maneno yako mabovu, kama mimi. Kifua anacho, na mbeleko anayo, na fundo lake halilegei.

Kaa hapo, mwanangu. Haendi popote.