Mzee Gideon Kimeli na Kiti Chake

Mzee Gideon Kimeli alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Sugoi. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba, kisha akaenda Turbo kujifunza umekanika wa kombaini za kuvuna ngano. Hata kanisani alinuka grisi, na hakumwomba mtu msamaha.

Mwaka wa 1988 alimwoa Linet Chepngetich, wakajaliwa binti mmoja, Jerop.

Novemba 2019, wakati wa mavuno, aliteleza juu ya kombaini akaangukia kichwa. Alipozinduka hospitalini alimwita Linet "sista", akidhani ni muuguzi. Maneno yalimpotea. Watu wakawa wanamsema akiwa ameketi pale pale. Ndugu yake Kipchumba akatangaza kwamba Jerop akiposwa, yeye ndiye atakalia kiti cha baba. Linet alikataa katakata.

Mwaka wa 2021 Linet alimpeleka mumewe kliniki moja mjini Eldoret iliyokuwa ikijaribu matibabu ya mwanga: mgonjwa anavishwa kofia yenye taa nyekundu ndani, anaketi tu. Daktari Namalwa hakumficha. "Mama, hii bado tunaichunguza. Siwezi kukuahidi kitu."

"Sikuja kuahidiwa," Linet akasema. "Washa."

Majirani wakacheka, eti Kimeli amewekewa taa ya vifaranga! Naye, maneno yalipoanza kurudi moja moja, akamwambia mkewe, "Waambie nikianguliwa, nitawika."

Koito ya Jerop, yaani sherehe ya posa, ilifanyika Desemba 2022. Wageni walipofika kuposa, Kipchumba alikuwa ameshajikalia kwenye kile kiti. Mzee akaingia na mkongojo, akasimama mbele yake. "Toka."

Kipchumba akatoka. Mzee akaketi, akawatajia wageni ukoo wake, baba yake na babu yake, akikwama na kuanza tena, na ole wake aliyejaribu kumsaidia! Alipomaliza akamgeukia Linet. "Nimewika." Kama ni taa, kama ni maombi, kama ni ukaidi wao wawili, wenye kubishana wabishane.

Alifariki tarehe 9 Juni 2025 kwa nimonia. Kichwa hakikumshinda, na aliagiza tuliandike hilo.

Ameacha mjane wake Linet, binti yake Jerop, mkwe, wajukuu wawili, na ndugu yake Kipchumba, ambaye ameomba akibebe kile kiti leo hadi kando ya kaburi. Linet amekubali. Akibebe, lakini asikikalie.

Pumzika kwa amani, Mzee. Mahali pako ni pako.