Buba Imekwisha Duniani

Miaka miwili baada ya uhuru, ungepita mbele ya kibanda cha kahawa cha Feruzi pale Rumonge, kando ya ziwa, ungeamini buba imekwisha duniani. Watu wa sindano walikuwa wamezunguka mtaa wiki iliyotangulia, na kila nyumba iliyomalizwa ilichorwa msalaba wa chaki mlangoni. Hata Waislamu waliulinda msalaba huo usifutwe na mvua, maana nyumba isiyo nao ilisemwa vibaya kisimani.

Feruzi alikuwa nao, na ulimnyima raha. Wenye vidonda vya buba walipangwa mstari wa peke yao, mchana kweupe, na binti yake Esha alikuwa na kidonda mguuni huku posa yake imeshapokelewa. Asubuhi ya sindano akampeleka kwa shangazi yake, kijiji cha Gatete, kisha akawaambia wenye chaki kwamba nyumbani wamechomwa wote. Mposaji ni mpwa wa Kabwe, na Kabwe, mpima ndagala, dagaa wa ziwani, ambaye wote walimwita Kilo, ndiye huyo hapo kwenye benchi, kikombe cha tatu mkononi.

Kilo alitangaza kwamba kabla ya mfungo hapatakuwa na buba popote. Hadji, karani wa zamani wa baraza ambaye wote walimwita Sheria, akapinga: ugonjwa haufukuzwi bila kupewa pa kwenda, kwa hiyo utavuka ziwa ukaombe makazi Kongo.

— Kongo nako iko sindano, alisema Kilo.

— Sasa itaenda wapi?

— Ulaya. Kule baridi itaimaliza.

Sheria akaomba aongezewe kahawa, apate nguvu ya kulijibu hilo. Hapo akafika Marguerite, muuguzi wa watu wa sindano, daftari kwapani. Alisalimu amahoro, akapokea kikombe, hakuketi. Akawaeleza kwamba hata mzima huchomwa, kwa kuwa buba hujificha mwilini. Akisahaulika mmoja, mwakani watoto wa mtaa mzima wanaanza kuugua upya, na dunia pamoja nao.

— Niambieni basi, nani hakuchomwa?

Feruzi akachochea makaa yasiyohitaji kuchochewa. Alimwogopa Kilo kuliko alivyoiogopa buba, na aliona haya kwa hilo. Akawafikiria watoto wa dada yake waliolala kitanda kimoja na Esha kule Gatete.

— Iko mumoja, alisema. Mutoto wangu, Esha. Iko na kidonda mu muguu. Nilimuficha Gatete.

Kilo alimkazia macho, na Feruzi akaiona posa ya Esha inavunjika. Kisha Kilo akaweka kikombe chini, akamgeukia muuguzi.

— Andika babili, mama. Bwana-harusi alikuwa Magara kuvua siku ile, na mimi nilisema kwetu bamechomwa bote.