Nilivyowaombea Mvua Wasichana wa Kikapu

Bwana asifiwe huku mbele! Asifiwe na huko nyuma, kwenu ninyi mnaokung'uta miavuli mlangoni! Ndugu zangu, mimi ni Mama Bupe, muuza mitumba wa mtaa wa Msasani, wa hapa Tukuyu. Wengi mnanifahamu, na msionifahamu mmevaa nguo zangu. Leo sikuja kushuhudia homa wala uchawi. Nimekuja kushuhudia wivu, na jinsi Mungu alivyonitoa humo nikiwa nimezama mpaka kwenye nyusi.

Kwetu ni Lufingo. Mama alipofariki nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na mdogo wangu Atupele alikuwa bado anatambaa. Baba akasema nibaki nyumbani nimlee. Nikamlea. Nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikaanza kuburuza chini, maana mtoto yule alirefuka kama mgomba uliopandwa kwenye samadi. Kila asubuhi tulishuka mtoni na ndoo, na njia ya kupandia ilikuwa tope tupu, inateleza kuliko bamia. Mimi ndiye niliyemfundisha kuipanda. Nilikuwa nikimwambia, "Vidole kwanza, kisigino baadaye." Shikeni neno hilo, tutalikuta mbele.

Atupele akasoma. Sekondari ikamchukua, kisha chuo cha ualimu hapahapa Tukuyu. Mimi nikaolewa, nikafungua meza ya mitumba, maana ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, marobota yanashuka kwenye malori na Tukuyu nzima inatembea na majaketi ya Wazungu. Lakini moyo wangu ulikuwa shuleni. Nikajiandikisha masomo ya jioni. Ndugu zangu, nilisoma! Nilisoma kwa kibatari mpaka kope zikaungua. Hesabu nilizikokotoa kwa kidole kwenye mgongo wa mume wangu akiwa amelala. Nikakaa kwenye mtihani wa kidato cha nne pamoja na watoto wanaoniita shangazi, nikafaulu.

Sasa, mnajua desturi ya nyumbani kwetu. Mtoto akifanya vizuri, mzazi anaingia migombani, anachagua mkungu, anamkatia. Baba alikuwa ameniahidi wangu. Alinionyesha kabisa, mkungu mnene kama ndama. Kila nikienda Lufingo nilipita kuutazama, naupapasa, naujulia hali.

Ikafika Jumapili ambayo kufaulu kwangu kulipaswa kutangazwa hapa kanisani. Mzee wa kanisa akaanza na tangazo jingine. Timu ya wasichana wa chuo, ya mpira wa kikapu, imeshinda mchezo wake wa kwanza wa msimu, na nahodha ni binti yetu Atupele. Watu walipiga makofi na vigelegele mpaka popo wakahama darini. Kelele zilipotulia, mzee akakunja karatasi yake, akaketi. Akanisahau. Baba akasimama pale benchi la mbele, machozi ya furaha yanamtoka, akasema atawapelekea wasichana mkungu wa ndizi. Nikajua ni upi. Shambani kwake hakukuwa na mwingine uliokomaa.

Ndugu zangu, wivu niliorudi nao nyumbani siku ile ungeivisha maharage bila kuni.

Tangu hapo nikapoteza hata jina. Nikawa "dada yake Atupele". Mteja anashika sketi, badala ya kuuliza bei, anauliza timu inacheza lini tena. Raba zenyewe walizochezea walizinunua mezani kwangu, nikawafungia kwa gazeti nikitabasamu kwa meno matupu. Nikitembea, nawasikia watu wakisifia jinsi anavyoruka. Mimi nani aliwahi kunisifia ninavyosoma?

Ndipo nikaanza kuomba mvua. Nilitaka michezo yao ivunjike, na wao wasahaulike kama nilivyosahaulika mimi. Na kuomba mvua Tukuyu ni sawa na kumwomba mtu wa Kyela mchele. Hujamaliza kusema, ameshakupimia.

Walikuja wasichana wa chuo kimoja cha Iringa. Mvua ikanyesha. Wetu wakashinda. Nikasema labda sikuomba kwa imani. Wakaja wa Songea, nikafunga kula. Ikashuka mvua ya mawe, kuku wa Msasani wakatembea na manundu kichwani. Wetu wakashinda kuliko mwanzo. Kisha wakasafiri kwenda Dodoma, jua linawaka, wakafungwa vibaya. Siku hiyo nilikaanga maandazi, nikagawa mtaa mzima. Ningekuwa na akili ya mchana, si hii yangu ya masomo ya jioni, ningeelewa palepale. Lakini mimi sikuwahi kukanyaga uwanjani. Baba Bupe, mume wangu, alikuwa akirudi kutoka mchezoni na kuanza kusimulia, mimi nanyanyuka nakwenda jikoni kukoroga sufuria isiyo na kitu.

Mchezo wa mwisho wa kumpata bingwa wa kanda ukaletwa hapa kwetu, na wageni ni walewale wa Dodoma. Asubuhi palikuwa na jua. Nikapiga magoti nyuma ya meza yangu ya mitumba, nikaomba mpaka sketi zikatikisika. Saa za mchana wingu likateremka kutoka Mlima Rungwe.

Baba Bupe akachukua mwavuli, akanipa mkononi. "Leo utakwenda," akaniambia. "Mdogo wako kila mchezo ananiuliza kama umekuja, na mimi nimechoka kumdanganya kwamba umekaa upande wa pili."

Nikaenda. Siwafichi, nilikwenda kuona mvua yangu ikifanya kazi.

Na kweli ilifanya! Uwanja ule wa saruji ulikuwa umeota utelezi wa kijani. Mabinti wa Dodoma, warefu, wenye nguvu, waliingia kwa mbio na kutoka kwa makalio. Mpira ukipigwa chini haudundi, unalala majini kama bata. Mwamuzi mwenyewe aliteleza na filimbi mdomoni, ikalia mpaka alipotua.

Wetu hawakuanguka. Mpira hawakuudunda hata kidogo, walipeana mkono kwa mkono. Walikwenda kwa hatua fupifupi, shingo wima, kama kila mmoja amejitwika ndoo. Nikawa najiuliza, mwendo huu nimeuona wapi? Mwili wangu ulijua kabla yangu.

Ndipo Atupele akapaza sauti katikati ya mvua. "Vidole kwanza!"

Na timu nzima, mabinti wa Mwanza, wa Tanga, wa Moshi, ambao hata Lufingo hawajui iko upande gani, wakaitikia, "Kisigino baadaye!"

Mwavuli ukaniponyoka. Ndugu zangu, niliiona ile njia ya mtoni. Nilimwona mtoto ameshika pindo la kanga yangu, analia kwamba ataanguka. Maneno niliyomwambia akiwa hajui hata kufunga kifungo, alikuwa ameyatunza, ameyapeleka chuoni, amewagawia wenzake. Kwa ajili ya mkungu mmoja, nilikuwa nimevifanyia hila vidole vyangu mwenyewe! Nikalia, na mvua ikanisitiri.

Walishinda. Wakawa mabingwa wa kanda, na chuo kile kikapata kombe ambalo hakijawahi kulishika. Atupele akaja kwangu, maji ya uwanja yamemrukia mpaka kwenye kope.

"Dada, umekuja."

"Nimekuja."

"Unajua, kila mchezo nilikuwa namwomba Mungu atuletee mvua."

Nikamwambia, "Hata mimi."

Akanikumbatia, akasema, "Nilijua siko peke yangu." Na ile "hata mimi" ikanikwama kooni kama mwiba wa samaki, mpaka leo.

Atupele, mwanangu, najua uko pale kando ya baba, umetoka Kinyala unakofundisha. Sikuomba kama ulivyoomba wewe. Niliomba uvunjikiwe. Mungu alisikia maombi mawili kutoka nyumba moja, akajibu yako, na kwa maji yaleyale akaniosha mimi. Ndaga, Kyala wangu! Asante, Mungu wangu!

Na nisiwadanganye watu wa Mungu, wivu haujafa. Niliposikia mwalimu huyu amepandishwa cheo, ulibisha hodi palepale, na viatu vyake vya zamani. Lakini nilikwenda Kinyala, nikakaa chini ya dirisha la darasa lake, nikamsikiliza anavyofundisha mpaka wivu ukachoka kusubiri. Wewe uliyekaa hapa na jina la mtu linakuwasha moyoni, usijifungie jikoni. Mkabidhi Yesu moyo huo jinsi ulivyo, kisha inuka, nenda ukamtazame mtu huyo akifanya kazi yake. Mungu wetu hashindwi na maombi yetu mabaya.

Nimemaliza. Atupele, pale mlangoni kuna mkungu. Nimeuchagua mwenyewe, baba hakunisaidia. Ni wako. Tutaubeba pamoja mpaka nyumbani, na kwa mvua hii ninayoisikia juu ya bati, unajua tutakavyokanyaga.