Filimbi ya Tatu, Funika Kikombe

Benchi la Mwakirunge, pale njia ya machimbo ya kokoto inapokutana na njia ya jaa, lina miguu mitatu ya mti na wa nne wa matofali, na upande huo wa matofali huachiwa wageni. Mzee Barakat huuza kahawa chungu hapo kila siku, na wateja wake ni wale wale. Yupo Rashid, aitwaye Redio kwa sababu hana kizimio, na yupo Erastus fundi wa viti, mzaliwa wa Nakuru, ambaye kijiwe kilimbatiza jina la Bara hata kabla hajaketi. Wa tatu ni Thoya, mpuliza filimbi wa machimboni, na leo amekuja saa nne, siku ya kazi, amevaa shati la kanisani. Ameomba ruhusa. Bintiye Nyevu anapanda garimoshi la saa tisa pale Miritini, anakwenda kuanza kazi Bonde la Ufa chini ya mlima wa volkano, na Thoya hataki. Hajamwambia. Amekuja kijiweni kutafuta la kumwambia.

— Hebu nambieni, — akaanza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. — Volkano ikilala miaka mia, huamka?

— Huamka! — Redio akadakia. — Tena huamka na njaa. Kwani hujui kama hata sisi hapa tumekalia volkano?

— Hapa wapi?

— Lile jaa! Lafuka moshi mwaka wa ngapi huu? Masika yanyesha, lafuka. Takataka gani hizo zisizokwisha kuungua?

— Takataka za Mombasa, — Mzee Barakat akajibu, akimimina.

— Haya, na maji ya kina Jalila hapo jirani? Wiki nzima yatoka moto.

— Jalila ameweka tangi jeusi juu ya paa, Redio.

— Na ni nani aliyemtia moyoni aliweke?

 Thoya akaliweka hilo akilini, ingawa alijua Nyevu angelicheka. Alihitaji kitu kizito zaidi.

— Mimi nimezaliwa hapo Nakuru, — Erastus akasema. — Menengai, volkano yenyewe, iko tu nyuma ya mtaa wetu. Watu wanapanda juu kupiga picha, wanakula mahindi, wanashuka. Mvuke wenyewe siku hizi unatoa stima.

— Wallahi, — Barakat akasema, — watu wamekalia birika, wao waona ni kiti.

— Lakini siku moja litachemka! — Thoya akasema haraka.

— Si ndiyo maana linapimwa? — Erastus akauliza.

— Na hapo ndipo makosa yalipo, — Redio akasema, akasogea mbele. — Mlima una hasira zake. Wewe waupima leo, waupima kesho, waupima usiku. Hata mimi, nikiwekewa kipimajoto kila saa na sina homa, nitalipuka!

Thoya aliipenda hiyo. Akatia mkono mfukoni atoe barua ya kazi ya Nyevu, ili Erastus aisome na wote waone ubaya wake. Barua ikatoka, na kadi moja ikatoka nayo, ikaanguka chini ya benchi. Erastus akaiokota.

— Hii si kitambulisho cha Nyevu?

Thoya akaipokonya.

— Namwekea, kisipotee.

— Thoya, — Barakat akasema polepole, — na bila kitambulisho, pale Miritini watamruhusu kupanda?

Thoya akatazama kahawa yake.

— Nimeuliza swali, bwana we, — Barakat akasema.

— Soma barua, Bara, — Thoya akasema.

Erastus akasoma, akieleza kwa maneno yake. Kule wamefukia vyombo ardhini, vinasikia mtetemo ambao mguu wa mtu hausikii. Wanapima hewa inayotoka kwenye nyufa. Na setilaiti inatazama kutoka juu kama ardhi imevimba, hata kama ni unene wa ukucha tu.

— Ukucha! — Redio akapiga paja. — Chombo kiko huko mbinguni chajua mlima umenenepa ukucha, na fundi wangu wa suruali amekaa mbele yangu na futi mkononi, kiuno changu hakijui!

Kijiwe kikacheka. Thoya naye akacheka, akajilaumu kwa kucheka.

— Na Nyevu je? — Barakat akauliza. — Atafukia vyombo?

— Hapana, — Erastus akajibu. — Yeye atazunguka mashuleni, sokoni na makanisani kufunza watu. Onyo likitoka maana yake ni nini, wapite njia gani, nani abebwe kwanza.

— Kufunza watu kukimbia? — Redio akashangaa. — Kukimbia hakufunzwi. Mtu huona tu moto, miguu ikajipeleka yenyewe.

— Kamuulize beberu wa Mwarandu, — Barakat akasema.

Wakacheka tena, ila Thoya. Miaka kumi na tisa, kabla ya kila baruti, huzunguka machimbo yote, akahesabu watu kwa vichwa, akawafukuza waokota vyuma, kisha akapuliza mara tatu. Hajapoteza mtu hata mmoja. Alipoteza beberu tu, mbuzi wa jirani Mwarandu, aliyesimama juu ya jiwe akatafuna karatasi mpaka filimbi ya mwisho.

— Nilipuliza, — Thoya akasema. — Beberu yule alisikia.

— Alisikia sana, — Redio akasema. — Hata masikio aliyainua. Ila hakuna aliyemwambia filimbi ni ya nini.

Redio alisema akichekesha tu, kisha akageukia kashata yake.  Thoya akakumbuka mwaka wake wa kwanza, alivyopita nyumba kwa nyumba akieleza: ya kwanza, ita watoto, ya pili, ondoka dirishani, ya tatu, funika chakula, vumbi laja. Watu walimcheka. Kuna mama aliyemfungia mlango.

Filimbi ya kwanza ikalia machimboni. Leo alikuwa akipuliza Ruwa, aliyeshika zamu yake.

— Msikilizeni, — Thoya akanung'unika. — Apuliza kama apoza uji.

Ikalia ya pili. Na hapo Nyevu akatokea njia ya nyumbani, mbio mbio, begi begani, jasho usoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — Barakat akasema, na macho yake yakakimbilia kwenye birika.

— Jamani, kuna mtu ameona kitambulisho changu?

Watu waliokuwa wakijua ndani ya milima mna nini, na hasira za ardhi, na siri za tangi la Jalila, wakainamia vikombe vyao. Erastus alikuwa akitafuta kitu kwenye kucha zake. Redio, kwa mara ya kwanza katika maisha ya benchi lile, alizimika.

Ikalia ya tatu. Bila mtu kutazamana na mwenziwe, viganja vinne vikafunika vikombe vinne. Nyevu akashusha mtandio ulioning'inia begani, akautandaza juu ya sinia la kashata. Ardhi ikatikisika, mguu wa matofali ukalia, na vumbi jeupe likapita juu yao likaenda zake. Hakuna aliyekuwa amekatiza hata pumzi.

Thoya akavitazama vile viganja. Hata cha Bara, aliyekuja juzi tu, na siku yake ya kwanza alikunywa mchanga.

— Bara, — akauliza, — wewe nani alikufunza?

— Si ni wewe, mzee.

Thoya akatia mkono mfukoni, akatoa kadi, akaipangusa kwa pindo la shati la kanisani.

— Kimeonekana, — akasema.

— Kimeonekana wapi, baba?

— Mfukoni mwangu. Nilikitia mwenyewe. — Akamkabidhi kadi. — Naogopa, Nyevu.

— Najua, baba. Nami naogopa. Wanaopima pia waogopa, ndiyo maana wanapima.

— Na huko kuna filimbi?

— Kuna ving'ora. Lakini watu wengi wakivisikia hutoka nje kutazama.

— Kama beberu, — Redio akasema, amerudi hewani.

Thoya akainuka, akabeba begi la bintiye kabla hajakatazwa. Miritini ni mbali, mpaka Kisauni yote iishe, uvuke daraja, uipite Changamwe, na saa tisa haingoji mtu.

— Twende, — akamwambia. — Usianze na wakubwa, watakufungia milango. Anza na wanaouza kahawa. Wafunze kufunika vikombe.