Soli na Kipimo cha Kinyozi

Benchi liko kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi viatu, na anayekaa hapo asubuhi haondoki na siri. Siku hiyo siri ilikuwa ya fundi viatu mwenyewe, wanayemwita Soli. Tangu damu ilipomganda mguuni alikuwa akimeza dawa ya kuifanya iwe nyepesi. Sasa mkojo wake umebadilika rangi, na miguu imevimba hadi viatu alivyovishona kwa mkono wake vimemkataa. Aliogopa, lakini hofu ya Soli haitoki nje bila mzaha. Alipopokea kikombe cha kahawa akaitangaza habari kama mtu aliyefunga goli.

— Jamani, nakojoa chai!

Benchi likalipuka.

— Ya maziwa au kavu? aliuliza Redio, fundi wa redio anayeongea kuzishinda redio zake.

— Kavu! Tena imekolea majani.

— Joto hilo, alisema Kinyozi. Kunywa maji, bwana wee. Maji yakimwagika hayazoleki!

— Methali hiyo inahusu nini hapa?

— Si inahusu maji?

Redio akasimama, mikono hewani.

— Nisikilizeni! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dawa hiyo mmeisifu mno, nayo imepandwa na kichwa! Imeifanya damu nyepesi hadi inavuja ndani ya figo!

Walicheka hadi kahawa ikawamwagikia. Soli naye alicheka, ingawa neno figo halikumshuka.

— Figo wapi! Kinyozi alimkatiza. Damu ni nzito kuliko maji, wahenga walishamaliza. Itapenya wapi? Halafu mimi si nampima?

Hapo wote wakatikisa vichwa kukubali. Kliniki walimwagiza Soli arudi mara kwa mara kupimwa damu, lakini foleni ya kule humzeesha mtu, na Kinyozi alikuwa amebuni njia yake. Akimnyoa ndevu, humgusa kidogo kidevuni kwa wembe, kisha benchi zima huitazama damu. Ikikawia kuganda, wanapiga makofi: dawa inafanya kazi.

— Hebu waambie ya juzi! alisema Soli, akijipa moyo.

— Weee! Nimenyoa mteja mwingine, nimemaliza, nimemkung'uta nywele, huyu bado anatiririka! Taulo zima!

— Dawa kiboko hiyo!

— Mpeni mkono!

Makofi yakapigwa tena. Mama mmoja mgeni, aliyesimama kwa mguu mmoja akingoja kisigino cha kiatu chake kigongwe, akainua kidole.

— Samahani, ndugu zangu. Ikikawia, mnapiga makofi. Ikikawia kupita kiasi, mnajuaje?

Makofi yakakatika. Kinyozi alichukua taulo, akaanza kulikunja. Redio akainamia kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu.

— Mjibu, kaka, Soli alimwambia Kinyozi, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

— Sisi... huwa tunafuta tu.

Soli akaweka nyundo chini. Alitaka kutamka neno la kuchekesha, akalitafuta, hakuliona.

— Naogopa, jamani, alisema. Nishikeni mkono twende kliniki.