Wiki ya Mlango Wazi: Tunamkumbuka Daktari Noëlla Mukonki

Wasikilizaji wapendwa, mlio hapa Likasi, na ninyi wa Kakanda na Kambove mnaotupata kwa shida, karibuni. Leo nitasema polepole. Nimetoka kwenye kilio cha msiba nikiwa nimechoka, na habari niliyonayo si ya kukimbizwa.

Daktari Noëlla Mukonki ametutoka. Nasema tena kwa wanaofungua redio sasa hivi: Daktari Noëlla Mukonki, mganga wa chumba cha wagonjwa mahututi, kile tunachokiita réa, amefariki. Alizikwa Jumamosi, mvua ikinyesha.

Wengi mlimjua kama daktari. Lakini alikuwa pia mtafiti. Yaani alikuwa mtu wa kuuliza swali moja, kisha kukaa nalo miaka.

Swali lake lilianzia kitandani. Mgonjwa mahututi mara nyingi huchanganyikiwa. Anaona watu wasiokuwapo. Anavuta mipira iliyomwingia puani na mkononi. Wauguzi ni wachache, na umeme wa bwawa la Mwadingusha ukikatika, mmoja wao lazima ashike pampu ya hewa kwa mkono. Basi wagonjwa wengine hufungwa mikono kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Wakati huohuo ndugu zao wako uani, wametandika mikeka, wanasonga bukari, ugali wetu, kwenye mbabula za makaa. Mlango wa réa umefungwa. Hawaingii.

Muuguzi Godefroid, aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, alinisimulia hivi: «Siku moja docta aliniuliza, “Huyu tunamufunga juu ya nini: juu eko mubaya, ao juu eko na woga?” Nikamujibu, “Docta, bagonjwa beko bengi, siye tuko babili. Kamba njo muuguzi wetu wa tatu.” Alicheka.»

Kutokana na swali lile ulizaliwa utafiti. Mpango wake ulikuwa rahisi. Wiki moja, mlango wazi: ndugu mmoja wa kila mgonjwa anaingia mchana, ananawa mikono, anavaa kanzu ya hospitali, anakaa karibu, anamshika mkono mgonjwa na kusema naye kwa lugha ya nyumbani. Wiki inayofuata, mlango umefungwa kama desturi. Kisha tena wazi, kisha tena umefungwa. Mwishoni wangelinganisha: nani walifungwa mikono, nani walichanganyikiwa, nani walikufa. Wiki za kufunga mlango hazikuwa ukatili. Bila kulinganisha, asingejua lolote.

Daktari Noëlla hakutaka kufanya jambo hilo gizani. Alipita sokoni, alipita makanisani. Pasta Hénoc alimpa madhabahu yake dakika chache baada ya mahubiri. Alieleza vizuri. Watu walielewa vizuri. Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Wasikilizaji wapendwa, ninyi mnatujua. Kwetu mgonjwa hana tu ugonjwa, ana watu. Kumwacha ndugu mikononi mwa wageni, nyuma ya mlango, ni aibu na ni uchungu. Basi familia zikaanza kuulizana: hii ni wiki gani? Na ikiwa ni wiki ya kufunga, nao wana mgonjwa nyumbani, walisema tungoje kidogo. Jumatatu watafungua.

Hakuna aliyewaambia wangoje. Hakuna aliyewaambia wasingoje.

Daktari Noëlla alikuwa na mdogo wake, Éphraïm, mchimbaji kule Kakanda. Jiwe lilimkata mguu. Akaja kwa mama yao, Mama Clotilde, hapa mjini, mtaa wa Kikula. Kidonda kikavimba, homa ikapanda. Ilikuwa Ijumaa, vendredi, na ilikuwa wiki ya kufunga mlango. Daktari mwenyewe alikuwa Lubumbashi, ameitwa kueleza kazi yake kwa wakubwa. Alipiga simu nyumbani.

«Éphraïm eko namna gani?»

«Eko analala,» mama akajibu.

Hakudanganya. Éphraïm alikuwa amelala. Lakini alipoamka alisema, «Mama, unipeleke.»

Juzi, kwenye kilio, Mama Clotilde alinieleza yaliyofuata bila mimi kumwuliza. Alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta. Alisema: «Minye mwenyewe nilimuambia, “Baba, ngojea kiloko. Lundi banafungula mulango, tutaingia wote.” Nilimupa maji. Nilimuombea. Nilijua nafanya vizuri. Mutoto yangu alikuwa anaogopa kulala peke yake tangu alikuwa mudogo. Ningemuacha na nani?»

Lundi, yaani Jumatatu, walifika. Mlango ulikuwa wazi. Mama Clotilde alinawa, akavaa kanzu, akakaa, akamshika mwanawe mkono, kama Noëlla alivyokuwa amefundisha mji mzima. Lakini uchafu wa kidonda ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Éphraïm alikufa kabla wiki ile haijaisha.

Godefroid alikuwapo Noëlla alipofika kutoka Lubumbashi. Anasema mama na binti walisimama mlangoni, wala hawakupaza sauti.

«Mama, homa ilianza siku gani?»

«Vendredi.»

«Na ulikuwa unangojea nini?»

«Mulango yako, mwana. Nilikuwa nangojea mulango yako.»

Sitaongeza neno hapo. Mimi sikuwapo, na hata ningekuwapo, sijui ningemtazama nani.

Baada ya mazishi, Noëlla alienda uani, akakaa kwenye mikeka pamoja na familia za wagonjwa. Aliwauliza taratibu. Aligundua kwamba mama yake hakuwa peke yake. Wengine nao walingoja. Wangapi, hakuweza kujua; na waliofia nyumbani wakingoja, hakuna aliyewaleta wahesabiwe. Alielewa pia kwamba mizani yake imeharibika. Wagonjwa wa wiki ya mlango wazi walikuwa wanafika wakiwa wamechelewa, wamezidiwa zaidi. Huwezi kuwalinganisha na wengine.

Wapo waliomshauri anyamaze amalize, maana kazi ilikuwa imebaki kidogo. Wapo waliomshauri aache kabisa. Yeye aliwaeleza wasimamizi wa utafiti kila kitu, akasimamisha kazi, na yote yaliyokusanywa akayaweka kando. Zaidi ya mwaka wa jasho, ukawa bure.

Nilimtembelea wakati ule. Nilimkuta anachambua mboga, macho mekundu. Nikamwuliza kama atarudi.

«Niko nachoka, baba,» akaniambia. «Lakini bantu beko bado banafungwa mikono. Nikiacha, Éphraïm alikufa juu ya nusu ya kazi.»

Alirudi. Alianza upya, tangu mwanzo. Safari hii hapakuwa na wiki. Kwanza mgonjwa anapokelewa, anawekwa kitandani, anatibiwa. Baada ya hapo tu ndipo inapigwa kura ya bahati: ndugu ataingia, au atabaki uani. Hakuna aliyeweza kujua mapema, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kungoja. Hilo ndilo alilorudia kila mahali, mpaka sauti ikakauka: msingoje, msingoje, msingoje.

Pasta Hénoc alimtania mbele ya waumini. «Docta, sasa unachezesha loto mu hospitali?»

«Pasta, hata mitume balipiga kura.»

«Ah! Pale umenishika.»

Lakini uani hawakucheka wote. Mama mmoja ambaye kura ilimwacha nje alimfuata hadi kwenye ngazi. «Weye, ungemufanyia mama yako vile?»

Noëlla akamjibu, «Mama yangu alilipa kabla yako, mama.» Kisha wakakaa wote wawili kwenye ngazi, na yule mama ndiye aliyempangusa machozi daktari.

Kazi ilichukua miaka. Na matokeo? Wasikilizaji wapendwa, msitarajie muujiza; yeye mwenyewe alikataa tuseme muujiza. Wagonjwa waliokuwa na ndugu karibu walichanganyikiwa mara chache kuliko wengine. Walifungwa mikono mara chache. Walivuta mipira mara chache. Lakini vifo havikupungua kwa namna aliyoweza kuithibitisha. Kuna mkubwa mmoja aliyetaka atangaze kwamba njia hii inaokoa maisha. Noëlla alikataa. Alisema hapa hapa, kwenye kipaza sauti hiki: «Hatukuona kama inaokoa maisha. Tuliona inapunguza woga. Minye, ile inanitosha.»

Leo katika hospitali ile mlango wa réa unafunguliwa mchana, kila siku, kwa kila familia. Hakuna kura tena. Hakuna wiki.

Na mama yake? Walikula pamoja kila Jumapili baada ya ibada. Walizungumza juu ya mvua, bei ya unga, binamu wanaooa. Juu ya Ijumaa ile hawakuzungumza kamwe. Mama alikuwa hawezi, na binti aliona si haki kumlazimisha.

Hivi majuzi, walipokuwa wakiosha vyombo, Noëlla alishika kichwa, akasema kinamuuma sana, akaanguka. Hapo nyumbani walikuwa wao wawili tu.

Msikilizeni Mama Clotilde: «Sikumuita pasta. Sikumuita muzirani. Nilitoka bila kitambaa ku kichwa, bila viatu, nikasimama kati ya barabara mbele ya kamyo ya mine. Shofere alifunga breki, akaanza kunitukana. Nikamuambia, “Baba, unitukane tukienda.”»

Yule dereva wa lori la mgodi aliwapeleka. Kwa habari nilizopata, njiani hakutukana tena.

Daktari Noëlla alifika hospitali mapema kabisa. Lakini mshipa ulikuwa umepasuka kichwani, na damu ilikuwa nyingi. Aliishi siku chache. Hakuchanganyikiwa, hakufungwa mikono. Mama yake alikuwa kando yake, akimsemesha.

Godefroid anasema kwamba siku ile ya kwanza Mama Clotilde alimwuliza, «Nilichelewa?» Akamjibu, «Hapana, mama.» Kesho yake akamwuliza tena. Na juzi, kwenye kilio, alinishika mkono wa koti nilipokuwa natoka, akaniuliza hata mimi, mtu wa redio, nisiye mganga.

Nilijibu kwa sauti ndogo, na wafiwa walikuwa wanaimba. Sijui kama alinisikia. Kwa hiyo namjibu sasa, mji mzima ukiwa shahidi. Mama Clotilde, hukuchelewa. Waganga wamesema hivyo, nami nasema kama wao: hukuchelewa.

Kwako mama, kwa ukoo wote wa Mukonki, kwa wauguzi wa réa, tunasema pole. Mungu awashike. Sisi wa redio tunalia pamoja nanyi.

Na wewe unayenisikiliza, labda nyuma yako, kwenye chumba kile kingine, kuna mtu ana homa tangu juzi. Mnangoja mjomba afike, mnangoja pasta amalize mfungo, mnangoja Jumatatu. Sikulaumu. Nimekaa na mama aliyengoja, na sijawahi kuona upendo mkubwa kama wake.

Zima redio. Mpeleke.