Bahati Nasibu ya Baridi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu ambalo mguu wake wa nyuma ulikatika likawekewa rimu ya gari, nalo limeegemezwa ukutani kati ya karakana ya friji na kibanda cha kuziba pancha. Mbele yake kuna jiko la mkaa na birika la Shangazi muuza kahawa. Juu yake kuna turubai linalozuia jua ila mvua haliiwezi. Hapo ndipo yanapoamuliwa mambo yote ya dunia: kocha gani afukuzwe, kwa nini sabuni siku hizi haitoi povu, na ndege inakaaje angani bila kuanguka. Haijawahi kuletwa kesi pale ikakosa hukumu. Siku ile watu waliwahi kuliko kawaida, na Spana, mwenye kibanda cha pancha, alikuwa ameliacha tairi la mteja kwenye karai la maji likitoa mapovu peke yake. Saa sita mchana majibu yalikuwa yanatoka.

Majibu yenyewe ni ya bahati nasibu ya ng'ambo. Kuna nchi huko mbali ambayo kila mwaka huokota majina ya watu kwa bahati tu, ikawapa ukaazi wa kudumu, wao na wake zao na watoto wao. Mwombaji wa kijiwe alikuwa Baridi, fundi friji, ambaye muda huo alikuwa ameketi katikati ya benchi, simu mkononi, jasho likimtoka hadi kwenye kope.

Kaka yake alipita kwa njia hiyohiyo zamani, na kila akipiga simu humalizia kwa neno moja: "Njoo." Tangu hapo Baridi na mkewe wanaishi kama watu wanaosubiri kuitwa. Kuta za sebule yao ni saruji tupu, hazijui rangi. Pazia limeshikizwa kwa pini. Makochi hawana, wanakalia viti vya plastiki ambavyo kimoja ukikaa vibaya kinakufinya. Ukiuliza, jibu ni lile lile: ya nini kuhangaika na mwakani hatupo? Ila mwaka huu, siku Baridi alipotuma maombi, mkewe alimwambia taratibu tu, wala hakuwa na hasira:

— Mume wangu, hii ndiyo mara ya mwisho. Tukikosa, tunaishi.

Neno hilo lilimkaa Baridi kifuani mpaka leo.

— Acha kutetemeka, mwanangu, — alisema Balozi, mzee aliyekuwa dereva wa ubalozi mmoja akastaafu na cheo cha bosi wake. — Wewe umeshapita. Mimi nawajua wale. Wanachagua kwa paji la uso.

— Paji la uso? — akauliza Spana.

— Kompyuta inapima. Paji pana, mtu mtulivu, hasumbui serikali. Ndiyo maana niliikataa ile picha ya kwanza. Alikuwa anacheka, paji likajikunja.

Hapo alisema kweli. Picha ya Baridi ilikuwa kazi ya kijiwe kizima. Spana ndiye aliyepiga, shuka jeupe la nyuma lilikuwa la Shangazi, na Balozi aliirudisha mara kadhaa kama mwalimu mkali. Mwishowe Baridi aliitupia kwenye grupu la kijiwe pamoja na maelezo yake yote, majina, tarehe za kuzaliwa, mke, binti, akawaandikia: "Wakuu, nikagueni kama niko sawa." Wakamkagua wiki nzima. Masikio tu yalijadiliwa siku mbili.

— Mzee Balozi, samahani, — alisema Spana. — Hakuna kompyuta pale. Kuna pipa.

— Pipa gani?

— Pipa kubwa, kama lile la kuchanganyia zege. Majina yote yanamwagwa humo, linazungushwa, halafu jamaa anaingiza mkono. Sasa wewe piga hesabu. Mwenye jina fupi, karatasi yake ndogo, inazama chini. Mwenye jina refu, karatasi inajitokeza. Ndiyo maana nilimwambia Baridi aandike mpaka la babu yake mzaa babu.

— Niliandika, — Baridi akajibu haraka.

— Basi unajitokeza!

Wakacheka, na Shangazi akamimina duru nyingine ya kahawa bila kuombwa. Koti Mbili peke yake hakucheka. Huyu ni mpaka rangi, jina alipewa kwa sababu hakubali ukuta uitwe ukuta kabla ya kupigwa koti mbili za rangi.

— Mimi kinachonitisha ni fani, — akasema. — Kule ni baridi mwaka mzima. Nyama unaitundika dirishani. Sasa fundi friji wanamtaka wa nini?

Baridi akageuka kwa mshtuko.

— Lakini kaka yangu anasema friji ya kwake ni kubwa kama kabati la nguo!

— Ya kuwekea nini?

— Chakula.

— Na nje kuna barafu?

— Tele.

Spana akapiga paja kwa furaha.

— Hamuoni? Nje kuna baridi kali kupita ya friji. Kwa hiyo wanakiweka chakula ndani ya friji kisipate baridi! Friji ya kule ni ya kupasha joto!

— Basi anahitajika kuliko daktari, — akakiri Koti Mbili, na Baridi akapumua tena.

Mwenye tairi, mama mmoja mgeni wa mtaa ule, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa kando ya jiko akisubiri kazi yake. Shangazi alimpa kikombe, naye akashukuru, akawa anasikiliza bila kuingilia.

— Ninyi wanaume mnajua kupiga domo tu, — alisema Shangazi. — Kuna mtambo unazunguka huko juu. Usiku mnauona, mnadhani ni nyota inayotembea. Ule unachungulia nyumba moja moja. Ukikuta mume na mke wanarushiana maneno, mnafutwa. Wanataka familia tulivu.

— Shangazi!

— Ndiyo hivyo. Na wewe Baridi, juzi si mlizozana na mkeo juu ya feni?

— Tulikuwa ndani, Shangazi.

— Kwani bati linauzuia?

Baridi akafikiri kwa bidii, kama mtu anayehojiwa na polisi.

— Siku ile kulikuwa na mawingu.

— Mazito?

— Mazito sana. Mvua ilinyesha.

— Umepona, — Koti Mbili akamshika bega. — Hata hivyo usiwe na hofu. Utapata tu. Mimi nina uhakika wangu.

— Hata mimi ninao wangu, — akasema Spana, akitazama pembeni.

— Kila mtu ana wake, — akasema Balozi, akakohoa.

Baridi hakulitilia maanani. Saa sita ilikuwa imefika.

Ukurasa ulifunguka nusu ukaganda. Koti Mbili akapanda juu ya benchi, akainyanyua simu kuelekea mnara, Spana akawa anampungia kofia mtandao uje, na Balozi akaamuru simu nyingine zote zizimwe ili njia iwe nyeupe. Zikazimwa. Ukurasa ukafunguka. Baridi akaingiza namba ya maombi yake, jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa, akabonyeza, akafumba macho.

— Soma wewe, Spana. Mimi siwezi.

Spana akasoma. Akasoma tena kimyakimya, midomo ikicheza.

— Hukuchaguliwa, — akasema.

Si kwamba Baridi hakuwahi kuliona neno hilo. Aliliona kila mwaka. Lakini safari hii lilikuja na kuta za saruji na vile viti vya plastiki, likaja na binti yake aliyekua akiambiwa kwamba kitanda kizuri kiko huko mbele. Macho yalimuuma. Aliinamisha kichwa asionekane.

— Haiwezekani! — Spana akaruka. — Hebu subiri. Ingiza na hii.

Akatoa simu yake kwenye ovaroli, akaiwasha, akafungua picha ya namba ndefu.

— Namba ya nani hiyo? — Baridi akauliza.

— Yako. Nilikuingiza na mimi, siku ile ulipotuma maelezo kwenye grupu. Nikasema moyoni, karatasi moja kwenye pipa lote lile ni kidogo. Nilitaka nikushtukize.

— Spana!

— Ingiza kwanza, utanishukuru baadaye!

— Ngojeni, — Shangazi akapaza sauti, akafungua kopo la sukari, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. — Na mimi ninayo. Nilimpa binti wa steshenari akaniandikia. Nikawa namwombea kila asubuhi nikiweka sukari.

— Shangazi, na wewe?

— Ulitaka nikae tu nikikutazama?

Balozi akavuta pochi yake.

— Ya kwangu nilitumia ile picha anayocheka. Nikasema, huwezi jua, yawezekana zamu hii yupo ofisa anayependa watu wachangamfu.

Wote wakamgeukia Koti Mbili. Mpaka rangi akainua mikono.

— Mimi nilituma mbili. Mnanijua. Koti moja haishiki.

Kikawa kishindo. Watu wakakumbatiana, Balozi akasimama wima kama anaimbiwa wimbo wa taifa, na Baridi mwenyewe akajikuta anacheka na machozi yakimtoka, maana hakuwahi kuota kwamba jina lake limezunguka kwenye pipa la watu likiwa limeshikiliwa na kijiwe kizima. Bahati zake zilikuwa nyingi hata hakujua aanze na ipi. Akaingiza ya Spana. Hukuchaguliwa. Ya Shangazi, aliyekuwa ameshika kikaratasi chake kwa mikono miwili. Hukuchaguliwa. Ya Balozi, vilevile. Ya kwanza ya Koti Mbili, vilevile. Ya pili wakaiingiza polepole, tarakimu kwa tarakimu, wote wakitamka kwa pamoja.

Hukuchaguliwa.

— Lakini hata moja? — Spana alishika kichwa. — Kati ya zote hizo?

— Kuna kitu hapo, — alisema Balozi. — Kuna mkono wa mtu.

Ndipo yule mama mwenye tairi akaweka kikombe chini.

— Samahanini, ndugu zangu, mimi mgeni. Kwani mtu mmoja anaruhusiwa kuingizwa mara ngapi?

Spana alitazama karai lake. Koti Mbili akaanza kukwangua rangi kavu kwenye kucha. Balozi alifungua mdomo, kisha, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, akaufunga bila kusema kitu. Shangazi akainamisha birika kwenye kikombe cha Baridi. Yakatoka machicha, basi. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Wakamgeukia Baridi, wote wanne macho yakiomba kuambiwa kitu.

Baridi alijua. Masharti yale aliyasoma kila mwaka na mkewe mpaka akayashika kichwani, na sharti la kwanza kabisa ndilo hilo: mtu huingia mara moja tu, na akionekana zaidi ya mara moja, maombi yake yote yanatupwa. Hasira ilimpanda, tena hasira ya kweli. Miaka yote ile! Mara ya mwisho! Akainua uso awaambie. Akamwona Shangazi bado ameshika kile kikaratasi cha kwenye sukari, amekishika vizuri kwa ncha za vidole kama bado kina kazi. Hasira ikamwishia njiani. Angekwenda ng'ambo ipi akapate watu wa kumharibia kwa mapenzi namna hii?

— Hata mimi sijui, mama, — akasema. — Nadhani ni bahati tu.

Benchi zima likashusha pumzi.

— Bahati tu, — Spana akarudia, akakimbilia tairi lake.

Baridi akafuta uso kwa mkono wa shati.

— Koti Mbili, kesho una kazi?

— Kesho sina. Kwa nini?

— Nina sebule.

Koti Mbili akaacha kukwangua kucha. Miaka mingi alikuwa akinywa chai kwenye sebule ile akiumwa na kuta zake.

— Rangi gani?

Baridi akafungua mdomo, akagundua hajawahi kulifikiria hilo hata siku moja. Akampigia mkewe. Simu ilipokelewa kabla haijaita vizuri.

— Mama nanii, — akasema. — Sebule tuipake rangi gani?

Akamsikia anavuta pumzi.

— Kwa hiyo tunaishi?

— Tunaishi.

— Njano, — akasema mkewe papo hapo, kama mtu aliyekuwa na jibu hilo mdomoni miaka yote. — Ile njano iliyopauka kidogo. Na dirishani tuweke fimbo ya pazia.